Njia ya Kutoka Mnarani

6 Januari

Shemeji Kitinda,

Huku mjini sote wazima, isipokuwa dada yako ambaye amenuna tangu Jumanne na mimi mwenye nyumba sijaambiwa kosa langu. Nimeamua kununa naye ili tufanane.

Ndani ya bahasha hii kuna kitabu changu, *Kisiwa kwa Miguu*. Najua nimechelewa miezi sita kukutumia, na najua umeshasema huko kwamba shemeji amevimba kichwa. Sema tu, ulimi wako nimeuzoea. Lakini kitabu kimekwenda kuliko hata nilivyotarajia. Nakala zote zimekwisha madukani, na mchapishaji anataka toleo la pili, kubwa zaidi, lenye picha za rangi, na jina langu kwa herufi za dhahabu.

Kuna jambo dogo. Wasomaji wawili watatu wamemwandikia wakilalamika. Mmoja anasema alikitafuta kisima cha karantini saa nzima akaishia kwenye tope la mikoko. Mwingine alitaka kuona makaburi ya mabaharia, akajikuta nyuma ya choo cha shule. Nimemwambia mchapishaji kwamba njia ile nimeipima kwa miguu yangu mwenyewe, na kwamba watu wa siku hizi hawajui kusoma maelekezo. Amenielewa, ila anataka kuja kuona kwa macho yake. Tutafika tarehe 14 Machi kwa boti ya asubuhi: yeye, waandishi wawili wa magazeti, mwenye kampuni ya watalii, na msomaji mmoja aliyeshinda nafasi kwenye shindano letu.

Naomba upitie kurasa za maelekezo. Kama kuna kichaka kimeota au ukuta umeanguka, nijulishe nirekebishe. Wewe unatembeza wageni kila siku, utajua. Siku hiyo nitawaongoza mwenyewe. Wewe utatusaidia kubeba maji ya kunywa.

Shemeji yako,
Mwandishi

15 Januari

Kwa shemeji yangu, Bwana Kalamu,

Kitabu kimefika na boti ya Alhamisi, kimelowa pembe moja tu. Nimekisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimesimama.

Kosa sijaliona. Hao wanaolalamika nawajua, nimewaokota mimi mwenyewe kwenye mikoko wakiwa na kitabu mkononi na kiatu kimoja, nikadhani ni wazururaji tu. Kuna wageni ukiwaambia mkono wa kushoto wanaangalia kwanza saa waliyovaa ndipo wajue ni upi. Usibadilishe hata nukta.

Na mimi usinitangulize mbele siku hiyo, nitakuharibia. Kitabu chako, njia yako. Ukifika kila kituo fungua ukurasa, soma kwa sauti, geuka ulikoandika, nasi tutakufuata. Maji nitabeba.

Msalimie mkeo. Mwambie barua yake iko njiani.

Shemeji yako,
Kitinda

15 Januari

Dada,

Nimetoka kumwandikia mumeo barua tamu mpaka meno yananiuma. Sasa nakuandikia wewe ya kweli.

Kitabu kile ni cha Baba. Sisemi kinafanana na maneno ya Baba, nasema ni daftari lake lile la jalada jeusi, limenakiliwa kuanzia kasa wanaotaga ufukwe wa kaskazini mpaka wagonjwa wa melini waliozuiwa karantini, makaburi kumi na saba na nani kalala wapi. Nilipokisoma nilikuwa nasikia anavyokohoa kati ya sentensi.

Ushahidi ninao, na mumeo amenipa mwenyewe. Unakumbuka Baba alivyokuwa akifanya. Alikuwa anazima taa ya mnara alfajiri, ndipo anaanza kutembea kushuka gatini, daftari kwapani, akiandika alichokiona. Miaka thelathini ya ulinzi wa taa, kila siku akishuka. Kwa hiyo mikono yote humo, kushoto na kulia, ni ya mtu anayeshuka. Kisima kiko mkono wa kushoto kwa anayetoka mnarani. Kwa mgeni anayepanda kutoka gatini, kiko mkono wa kulia. Mumeo amepanga vituo upya, gati kwanza, mnara mwisho, lakini mikono hakuigeuza. Amewaacha wageni wapande kwa maelekezo ya kushukia.

Mtu aliyetembea njia ile hata mara moja asingekosea hivyo. Aliyesimuliwa na Baba kwa mdomo asingekosea pia, maana Baba akiongea alikuwa anaonyesha kwa kidole. Kosa hili humpata anayenakili akiwa amekaa kwenye kiti. Mumeo amekuja hapa mara moja tu, siku tulipomzika Baba, na viatu vyake hata vumbi havikupata.

Ukurasa wa mwisho kuna shukrani. Anamshukuru mchapishaji, anakushukuru wewe kwa kuchapa, na anawashukuru "wazee wa kisiwani kwa ukarimu wao". Wazee. Baba amekuwa wazee.

Niambie mambo mawili. Ulisema daftari liliungua pamoja na godoro, siku bwana afya alipoamuru vitu vya chumba cha Baba vichomwe. Ulilitia motoni kwa mkono wako? Na ulipokuwa unachapa kurasa zile, hukuyajua maneno ya Baba?

Mdogo wako

24 Januari

Mdogo wangu,

Usinifokee kwa maandishi, barua yako niliikunja nikaifungua tena jioni.

Siku ile vilichomwa vitu vingi. Godoro, mito, shuka, makaratasi. Sikuwa nahesabu, nilikuwa nalia. Labda yeye aliona kitu akakichukua, mimi sijui. Na nilipochapa nilichapa mistari, kama ninavyochapa barua za ofisini mwaka wa kumi sasa. Macho yanasoma, kichwa kiko jikoni.

Nakuomba uachane na jambo hili. Baba hatarudi kwa ugomvi wetu. Mume wangu ukimgusa kwenye kitabu chake umemgusa kwenye roho, na mimi ndiye ninayelala naye nyumba moja. Umemwambia kuhusu mikono? Kama hujamwambia, nijulishe upesi.

Dada yako

2 Februari

Dada,

Sijamwambia na sitamwambia.

Nilivyokuelewa ni kwamba amekuibia wewe pia, na unaona aibu kusema. Usijali. Nitaidai haki hii kwa niaba yetu wote wawili.

Sikiliza mpango wangu. Tarehe 14 nitakuwa nyuma kabisa na ndoo ya maji kichwani kama alivyopenda. Ataanzia gatini kwa madaha. Kwenye njia panda ya ghala bovu kitabu kinasema mkono wa kushoto, naye atageuka kushoto na watu wake wote, waingie mikokoni. Maji ya bahari yatakuwa yamekupwa, hakuna atakayezama, nimeangalia ratiba. Kitakachozama ni kiburi chake tu. Wakishakwama mpaka magotini, mchapishaji akishaanza kuuliza maswali, nitatua ndoo yangu niseme kitabu hiki kiliandikwa na nani, na kwa nini mikono yake imekaa kinyume. Nitawapandisha mpaka mnarani, kisha nitawateremsha kwa kitabu hichohicho, wakione kisima, wayaone makaburi, kila kitu kikiwa pale Baba alipokiweka.

Nataka jina la Baba kwenye jalada. Nataka pia mumeo aaibike mbele za watu anaowaogopa. Nisikudanganye, hilo la pili ndilo linaloniamsha asubuhi. Baba alikufa akiniuliza nani atawatembeza wageni, nikamwambia mimi, akaniambia daftari liko kwenye sanduku. Nikafungua sanduku nikakuta nguo. Miaka mitatu nimekuwa nikijilaumu kwamba sikuwahi moto ule.

Siku hiyo ubaki mjini. Sitaki uone.

Mdogo wako

20 Februari

Shemeji Kitinda,

Kwa ufupi, maana nimezidiwa na kazi za kukaribishwa kwenye redio. Boti inafika saa tatu. Mchapishaji hali vitu vyenye pilipili. Mwandishi mmoja wa gazeti anaogopa kaa, kwa hiyo kama unaweza kuongea na kaa wako, ongea nao.

Mshindi wa shindano ni mama mmoja, mwalimu mstaafu. Amefundisha jiografia miaka thelathini na moja na hajawahi kukanyaga kisiwa. Ameniandikia kurasa nne za maswali kuhusu ndege wa baharini. Utanisaidia kumnyamazisha.

Dada yako naye anakuja. Nilimwambia safari itamchosha, akasema anakuja, akaenda kupiga pasi gauni. Wanawake wa kwenu mkishaamua mnakuwa ukuta.

Kofia pana niliyoagiza imefika. Utanitambua kwa hiyo.

Shemeji yako,
Mwandishi

19 Machi

Kwako wewe,

Sikuiti shemeji leo.

Umenivua nguo mchana kweupe mbele ya mtu anayeshika riziki yangu. Ungeweza kuniandikia Januari, mstari mmoja tu: mikono imekaa kinyume. Badala yake ukaniambia nisibadilishe hata nukta. Nilikuamini kwa sababu wewe ni damu ya mke wangu. Nilizama mpaka kwenye mapaja nikiwa bado nasoma kwa sauti, na nilipogeuka kuomba mkono, nilikuona unatabasamu.

Mchapishaji hapokei simu zangu. Gazeti moja limeshaandika. Wameiweka picha yangu, ile yenye kofia.

Kuhusu daftari la baba yenu, kabla hujaniita mwizi tena mbele za watu, muulize dada yako. Mimi sijafungua sanduku la mtu. Nililikuta nyumbani kwangu, kabatini, chini ya vitambaa vyake. Muulize lilifikaje. Tangu tumerudi haongei nami. Aliamka Jumapili, akafunga begi, akaenda kwa shangazi yenu.

Na yule mwalimu, hilo liko juu yako peke yako.

Mwandishi

21 Machi

Dada,

Nakuandikia kwa anwani ya shangazi. Barua ya mumeo nimeipata. Naiambatisha uisome, sitaki kumtia maneno mdomoni.

Kwanza nikueleze habari za mwalimu, maana mliondoka na boti ya jioni naye akabaki. Mfupa wa kifundo umevunjika sehemu mbili. Alilala zahanati siku tatu mpaka boti ya wagonjwa ilipopatikana. Mimi ndiye niliyekuwa nampelekea uji na kumfulia. Alinifundisha majina ya mawingu kupitia dirishani. Siku ya tatu akaniuliza, taratibu kabisa, kama anavyouliza swali darasani: "Mwanangu, wewe si ulikuwa nyuma yetu? Njia ulikuwa unaijua?" Nilichukua beseni nikatoka nje kumwaga maji ambayo yalikuwa safi.

Nilikuwa nimesema hakuna atakayezama, na kweli hakuzama mtu. Mizizi ya mikoko sikuihesabu. Mumeo alipokwama, yule mama alikuwa amemfuata kwa karibu ili asikie vizuri, akamkimbilia kumsaidia, mguu ukanasa kwenye mizizi. Unajua kilichonitokea mimi? Nilikuwa nimeikariri hotuba yangu wiki tatu. Niliposikia mfupa, hotuba ilikuwa imeshafika mdomoni. Nikaitoa yote mpaka mwisho, huku yeye amelala topeni na wale wanaume wanahangaika kumnyanyua. Hakuna aliyenikatiza. Nilifurahi, Dada, kwa muda wa kama dakika mbili nilifurahi kuliko siku yoyote ya maisha yangu.

Sasa turudi kwako. Nilikuona. Pale njia panda ya ghala bovu, mumeo aliposoma "mkono wa kushoto", wote waligeuka kushoto. Wewe ulisimama. Uliangalia kulia, kule kisima kilipo, kule tulikokuwa tunachotewa maji ya kuoga tukiwa watoto. Nilijua utamwita mumeo, ni mumeo, na mpango wangu utakufa palepale. Nilikasirika kabla hujafungua mdomo. Hukufungua. Ukakunja gauni lako lililopigwa pasi, ukamfuata.

Kwa nini ulinyamaza? Na daftari lilifikaje kwenye kabati lako?

Safari hii usiniambie kichwa kilikuwa jikoni.

Mdogo wako

2 Aprili

Mdogo wangu,

Shangazi amenipa chumba cha nyuma na meza. Nimeanza barua hii mara tano, sasa naiandika bila kuinua kalamu.

Daftari halikuungua. Nililitoa sandukuni kabla bwana afya hajafika, nikalifunga ndani ya kanga yangu, nikaondoka nalo siku ya tatu ya msiba. Wewe uliponiuliza nikakushika bega, nikakwambia limeungua. Sina kisingizio cha moto wala cha kilio. Nilikusudia.

Sababu ni hii, ucheke ukipenda. Nilipofika miaka kumi na mbili nilipewa begi nikaletwa mjini kwa shangazi nisome. Wewe ulibaki. Wewe ndiye uliyeshikwa mkono kila alfajiri kushuka kutoka mnarani. Kila barua ya Baba ilikuwa imejaa wewe: Kitinda ameona kasa, Kitinda ameweza kuwasha taa, Kitinda amewatembeza wageni wake wa kwanza. Mimi nilikuwa naulizwa kama nasoma kwa bidii. Alipokufa wewe ulikuwa na kisiwa kizima. Nilitaka niwe na kitu chake kimoja ambacho wewe huna. Nilikuwa nakisoma mume wangu akienda kazini.

Akalikuta. Hakuiba, kwa hilo yuko sahihi. Aliniambia tukitoe kitabu, jina la Baba kwenye jalada, yeye mhariri tu. Nikaona hiyo ndiyo njia ya kulirudisha kwako bila kukiri. Ungelipata kama kitabu, ungefurahi, nisingeulizwa kitu. Nikachapa usiku na mchana. Na mikono niliigeuza, mdogo wangu. Mimi pia nimeteremka njia ile, nikiwa mgongoni kwa Baba kabla wewe hujazaliwa. Kulia nikakifanya kushoto, kushoto nikakifanya kulia, sehemu arobaini na mbili, kitabu kikawa sawasawa kwa anayetoka gatini.

Siku moja kabla ya kukipeleka kwa mchapishaji, alikaa kitandani akaniambia majina mawili yanawachanganya wasomaji. Akalifuta la Baba mbele yangu kwa kalamu nyekundu, akaweka lake. Nilimtayarishia chakula, akala, akaenda kuoga. Nikafungua kompyuta. Nikairudisha mikono yote arobaini na miwili kama ilivyokuwa. Hakusoma tena. Sikuzote alikuwa hasomi tena.

Kwa hiyo unajidanganya ukidhani mtego ule ni wako. Niliutega mimi mwaka jana, nikakaa nao meza moja nikimpakulia. Nilikwambia uachane nao kwa sababu niliogopa utaufyatua kabla hajaingia. Nilikuja ili nione. Pale njia panda ningeweza kusema neno moja, na neno lenyewe lilikuwa mdomoni. Niliikumbuka ile kalamu nyekundu, nikalimeza.

Kuhusu mwalimu sina la kusema. Naliona gauni lake lililojaa tope kila nikifumba macho.

Mchapishaji amenipigia. Anataka kukitoa upya, na anataka daftari lenyewe kama ushahidi, na saini zetu sote wawili. Nikampa sharti langu, jina la Baba. Nipe lako.

Dada yako

12 Aprili

Dada,

Barua yako nimeisoma nikiwa gatini, na wageni wangu wakasubiri juani mpaka wakaanza kuondoka mmoja mmoja. Sikuwajali.

Usitegemee nikwambie nimekuelewa. Nimekuelewa, ndiyo maana hasira yangu ni kubwa kuliko ile niliyokuwa nayo kwa mumeo. Yeye ni mtu wa nje, tamaa yake naijua. Wewe ulinishika bega. Kwa miaka mitatu nimekuwa nikiamka nikijaribu kukumbuka Baba aliuandikaje ukurasa wa kasa, kama aliandika wanalia au wanatokwa machozi. Nimepanda mnarani nikajiandikia vipande nyuma ya tiketi za boti. Nimegombana na wageni kuhusu kaburi la kumi na moja kwa sababu sikuwa na hakika tena na sikuwa na pa kuhakikisha. Na wewe ulikuwa nalo kabatini, unalisoma mumeo akienda kazini, halafu unaniandikia kila mwezi unaniuliza kama nakula vizuri.

Ulisema ulitaka kitu kimoja ambacho mimi sina. Ulikuwa na shule, mshahara, mji, mume. Mimi nilikuwa na mtu mzee anayekohoa, nikamuuguza mpaka mwisho. Wewe ulikuja na boti ya mazishi.

Masharti yangu haya hapa. Jina la Baba peke yake kwenye jalada, la mumeo lisionekane popote, hata kwenye shukrani. Mikono igeuzwe. Mwalimu apelekewe nakala ya kwanza. Na kwenye dibaji, baada ya kueleza Baba alikuwa nani, iwekwe sentensi hii kama nilivyoiandika: "Daftari hili lilifichwa miaka mitatu na binti yake mkubwa, aliyemwambia mdogo wake kuwa limeungua."

Sentensi hiyo usimpe mtu mwingine aichape. Uichape wewe, kwa vidole vyako. Bila hiyo sitii saini, na kitabu kifie hukohuko mezani.

Kitinda

25 Aprili

Mdogo wangu,

Nimeichapa. Sikugeuza hata neno. Shangazi alikuwa amekaa pembeni anachambua mchele, akaniuliza nachapa nini mbona nimejishika kifua, nikamsomea. Akaendelea kuchambua. Baadaye akasema uliandika vizuri.

Lakini dibaji ni ya kitabu cha Baba, nami ni mwanawe kama wewe. Kama ukweli unaingia, uingie wote. Chini ya sentensi yako nimeongeza yangu: "Binti yake mdogo aliijua njia, akanyamaza, na mwalimu mmoja akavunjika mguu."

Nakutumia ukurasa wenyewe uuone ulivyokaa. Ukitaka ya pili ifutwe, futa na ya kwanza, tubaki wote wasafi mbele ya wageni na tuendelee kujuana sisi wenyewe. Uamuzi wako. Kurasa zinaingia mitamboni tarehe 10 Mei, na jibu lako nataka liwe kwa maandishi.

Umenikumbusha nilikuja na boti ya mazishi. Hilo hukuwa na haja ya kuniandikia. Nalijua.

Dada yako

3 Mei

Dada,

Ukurasa nimeupata. Jibu langu nililiandika siku hiyohiyo kwa hasira, nikalichana, nikaenda kazini. Nilipanda na wageni sita mpaka mnarani.

Nilitaka kukwambia uifute yako na yangu uiache. Nilitafuta sababu njia nzima na sikuipata. Ulichoandika ni kweli. Nimemwandikia mwalimu, nimemjibu lile swali alilouliza zahanati, asije akalisoma jibu kitabuni. Hajanijibu na huenda asinijibu.

Sitaki tubaki wasafi. Yangu ibaki, yako ibaki. Ila yako ina kosa, na kwenye kitabu cha Baba sitaruhusu kosa lingine. Umeandika kana kwamba pale njia panda nilikuwa peke yangu. Tulikuwa wawili. Wewe mbele yangu, ndoo yangu ikikudondokea maji mgongoni, na hatukuangaliana.

Andika: "Binti zake wote wawili waliijua njia, wakanyamaza, na mwalimu mmoja akavunjika mguu."

Rekebisha hivyo, kisha upeleke. Saini yangu iko chini ya barua hii.

Mdogo wako,
Kitinda